Mkono Upi? Shangazi na Miaka Thelathini na Nne ya Chumba cha Plasta

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Shangazi atafunga bomba la chumba cha plasta kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na nne na miezi miwili ya utumishi katika hospitali yetu. Kamati ya kumuaga imeniomba mimi niandike wasifu wake. Nilidhani ni kwa sababu ya kalamu yangu nzuri. Katibu wa kamati akanisahihisha: walitafuta mtu aliyemsumbua Shangazi kuliko wote, na kura zote zikaangukia kwangu, pamoja na ya kwangu mwenyewe, kwa kuwa nilinyoosha mkono bila kusikiliza swali.

Kwa walioajiriwa juzi juzi, Shangazi si shangazi wa damu wa mtu yeyote hapa. Jina lililo kwenye faili lake analijua ofisa utumishi. Sisi wengine tulimkuta akiitwa Shangazi, tukaendelea, maana ana ule uwezo wa dada wa baba: anakugombeza ukiwa mtu mzima mwenye mvi na watoto, nawe unajikuta unasema samahani kabla hujajua umekosa nini.

Hakuanza kazi akiwa fundi wa plasta, wa kuwafunga waliovunjika mifupa. Alianza kama mfanyakazi wa usafi, akideki unga mweupe uliokuwa ukidondoka chumbani humo kutwa. Fundi wa wakati ule alikuwa na mgongo mbaya. Akamwomba amshikie mguu wa mgonjwa mara moja tu. Kesho yake akamwomba amloweshee bandeji. Baada ya miaka mitatu, fundi ndiye aliyekuwa anashika mguu na Shangazi ndiye aliyekuwa anafunga. Hospitali ikaona aibu, ikampeleka masomoni. Alirudi na cheti, na pia na malalamiko kwamba mwalimu wake alikuwa akilowesha bandeji kwa maji ya moto mno.

Maji kwake ni jambo la kufa na kupona. Huyapima kwa kiwiko, kama mama anayetaka kumwogesha mtoto mchanga, na yasipomridhisha huyamwaga hata kama foleni imefika mlango wa maabara. Mkasi wake haukopeshwi. Mgonjwa akiuogopa ule msumeno wa kukatia plasta, Shangazi huugusisha kwanza kwenye kiganja chake mwenyewe, akiwa anaongea habari nyingine kabisa. Mwaka fulani benchi la nje lilivunjika mguu, akaona idara ya matengenezo inachelewa, akalifunga plasta. Benchi lilikaa hivyo miaka minne likibeba watu wazito. Mafundi wa matengenezo walinuna, lakini na wao walilikalia.

Basi hayo ni mambo ya kuchekesha, na yangetosha kujaza ukurasa. Lakini mtu hawezi kuandika habari za Shangazi bila kuandika habari za swali lake, na mimi siwezi kuandika habari za swali lake bila kujianika.

Lugha yetu ni tajiri, ila imelipa neno moja kazi kubwa kupita kiasi. Tunasema "mkono", na tunamaanisha chochote kuanzia begani hadi kwenye kucha. Mtu akianguka, ndugu zake husema amevunjika mkono. Karani huandika: mkono. Daktari mwenye haraka, na hapa namjua mmoja vizuri, huandika: picha ya mkono. Mpiga picha wa eksirei hupiga pale panapoonekana pamepinda. Kila mtu ametimiza wajibu wake, na hakuna aliyetazama kifundo, pale kiganja kinapoungana na mkono.

Shangazi peke yake ndiye aliyekuwa anauliza, "Mkono upi?" Wagonjwa wengi humjibu wa kulia, au wa kushoto. Yeye huwaambia kwa upole kwamba macho yake yanaona vizuri, anachouliza ni sehemu ipi: bega, kiwiko, kigasha, kifundo au kiganja. Nakiri kwamba neno kigasha, yaani ile sehemu kati ya kiwiko na kifundo, nilifundishwa na yeye, nikiwa tayari nimeshasoma miaka mingi jinsi ya kukitibu.

Sababu ya swali huwaonyesha wanafunzi kwa vijiti viwili vya kuangalizia koo. Huvilaza sambamba na kuvifunga kwa kitambaa huku na huku. Hiyo, husema, ndiyo mifupa miwili ya kigasha, na kitambaa ndicho kano, zile kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Kisha hukivunja kijiti kimoja katikati na kukisukuma kifupike. Wanafunzi hutazama palipovunjika. Yeye huwaelekeza kutazama mwisho, penye fundo: kitambaa kimelegea, na kile kijiti kizima kimechomoka. Ajali ni moja, majeraha ni mawili. Lililo kubwa linaonekana kwenye picha, na la pili limejificha chini yake kwenye kifundo, halionekani mpaka mtu aende kulitafuta.

Mimi niliyajua hayo. Niliyajibu kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. Katika mwaka wangu wa pili hapa akaja fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, ameteleza ngazini. Nikaandika picha ya mkono. Picha ikaja, mfupa wa upande wa kidole gumba umevunjika. Nikaunyoosha, nikampeleka chumba cha plasta, nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Shangazi akauliza mkono upi. Nikamjibu kwa ujuaji kwamba ni huo uliovunjika. Akaniambia kifundo kinamuuma mama huyu kuliko hata palipovunjika, akaomba tupige picha nyingine. Nikamweleza, mbele ya mgonjwa, kwamba mfupa ukivunjika jirani zake wote hulalamika, na kwamba kano hujirudi zenyewe. Sentensi hiyo ya mwisho ningeomba ifutwe katika historia ya hospitali, lakini mashahidi wengi bado wako hai. Shangazi akafunga plasta, maana amri ya daktari ni amri. Ila katika daftari lake la wagonjwa, mbele ya jina la yule mama, akaandika: "Kifundo hakijaulizwa."

Wiki zikapita, plasta ikatolewa. Mfupa ulikuwa umeunga vizuri ajabu. Niliiinua picha dirishani na kuwaita wanafunzi waje waone kazi. Nikiwa katikati ya kujisifu, Shangazi akamwomba yule mama akinge kiganja kama anayekinga maji bombani. Cha kushoto kikageuka juu. Cha kulia kikaishia njiani, kinatazama ukuta. Mama akajaribu tena, akakisaidia kwa mkono mwingine, kisha akanitazama mimi, si Shangazi.

"Daktari," akasema, "mbona mfupa umepona na mkono haujapona?"

Nikaishusha ile picha; wanafunzi walikuwa wengi. Shangazi hakunigombeza. Alinishika mkono wa koti, akanipeleka hadi kwenye lile benchi lenye plasta, akamleta na yule mama akamkalisha kando yangu. Akaniambia: "Mwambie mwenyewe. Usimtume nesi." Halafu akarudi ndani akafunga mlango.

Nikamwambia. Bosi wangu alimfanyia upasuaji, akarekebisha kilichorekebishika. Yule mama alirudi kwenye cherehani yake, anashona vizuri, lakini kiganja chake hakikurudi chote. Mpaka leo akipewa kitu hupokea kwa mkono wa kushoto na kuomba radhi. Kila nikiliona hilo najua radhi hiyo anaiomba kwa niaba yangu.

Baada ya hapo Shangazi alichora mkono mzima kwenye ukuta wa chumba cha plasta, na kila sehemu akaiandikia jina kama kituo cha basi. Mchoro wenyewe, tuseme ukweli, unafanana na samaki. Juu yake akaandika kwa rangi nyekundu: MKONO UPI? Akaelewana na watu wa eksirei kwamba fomu isiyotaja kituo irudishwe, na kigasha kikivunjika, kiwiko na kifundo vionekane. Mimi nikawa mhubiri mkuu wa utaratibu huo, nina bidii ya mtu aliyetubu jana. Nilihutubia madaktari wapya, manesi, na safari moja dereva wa gari la wagonjwa ambaye alikuwa amekuja kuuliza choo kiko wapi.

Nilihubiri hivyo miaka mitatu. Kisha nikapanda kiti.

Saa ya ukutani ya chumba cha mikutano ilikuwa inakwenda mbele dakika kumi na mbili. Nikaona niirekebishe mwenyewe. Ngazi ilikuwa nyuma ya mlango, na ndugu yetu wa usafi alinikumbusha kwamba ipo. Nikamwambia sichelewi. Nikapanda kiti cha ofisini, kile chenye magurudumu. Kwa siku ile mimi na kiti hatukukubaliana tunakwenda upande gani. Nilitua kiganja kikiwa kimetangulia, na ndugu wa usafi husimulia mpaka leo kwamba nilidondoka kama gunia, ila gunia halipigi kelele.

Fomu niliijaza mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyegundua tofauti na mwandiko wangu wa kila siku. Na niliandika nini? Niliandika: picha ya mkono. Mimi, mhubiri. Mpiga picha wa eksirei alitaka kuirudisha, lakini alinionea huruma, maana nilikuwa natokwa na kitu machoni ambacho nilimweleza kuwa ni jasho. Akapiga palipopinda. Nikaisoma picha yangu mwenyewe, nikajitolea uamuzi, nikaingia chumba cha plasta nikasema ni mvunjiko mmoja wa kawaida, Shangazi afunge tu, kliniki inanisubiri saa nane.

Shangazi akaitazama picha dirishani. Ilikuwa imeishia kabla ya kifundo. Akanigeukia na kuniuliza mkono upi. Nikakasirika. Nikamkumbusha daktari ni nani kati yetu.

"Leo wewe si daktari," akanijibu. "Leo wewe ni mkono. Kaa chini."

Nikakaa. Akakishika kigasha changu taratibu kama kikombe cha chai ya moto, akaweka kidole gumba juu ya kile kinundu cha kifundo, upande wa kidole kidogo, akabonyeza kidogo sana. Kinundu kikazama, kikarudi, kama kitufe cha kengele ya mlangoni. Kengele ilikuwa mimi. Waliokuwa dirisha la dawa wanasema walisikia vizuri.

Hakufunga plasta. Aliniwekea banzi la muda la kuushikilia mkono, akaichukua fomu yangu, akaandika kwa kalamu nyekundu "KIGASHA NA KIFUNDO", akanirudisha eksirei kama mtoto aliyesahau daftari. Picha ya pili ilionyesha yote: kiungo kimeachana, ishara kwamba kano zimechanika. Nikatoka nje, nikakaa kwenye lile benchi, pale pale nilipokaa na fundi cherehani. Kwa wasiojua, kazi yetu sisi madaktari wa mifupa haina tofauti kubwa na useremala, na nusu yake ni kugeuza bisibisi. Daktari wa mifupa asiyegeuza kiganja amebaki msemaji tu. Nilikuwa na mke, watoto wawili, na kazi moja tu niliyoijua. Na nilikuwa nimekaribia kuyafungia yote hayo ndani ya plasta kwa kuwahi kliniki ya saa nane.

Bosi alinipasua keshoye. Aliweka bamba la chuma na skrubu sita, kisha akakiuliza kifundo kwa kukibonyeza papo hapo mezani, kikawa bado kinachomoka, akakizuia kwa pini mbili kwa wiki sita. Wiki hizo mke wangu alinifunga vifungo vya shati. Mama mkwe alipokuja kunijulia hali alinikuta nalishwa kwa kijiko na binti yangu wa miaka minne, ambaye alinifuta kidevu kila baada ya tonge, kisha akamhakikishia bibi yake kwamba leo nimekula vizuri.

Pini zilipotoka, Shangazi akanichukua. Kila asubuhi kabla ya wagonjwa alinishikisha kikombe cha maji, nigeuze juu, nigeuze chini, na maji yaliyomwagika nilideki mwenyewe. Nililia jasho tena. Mwezi wa nne tangu nianguke akanipa bisibisi na kunipeleka chumba cha mikutano. Akasimamisha ngazi, akaishika kwa mikono miwili, akaniamuru nikairekebishe ile saa. Nikairekebisha. Hadi leo inachelewa dakika mbili, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa.

Siku hiyo nilichungulia daftari lake. Mbele ya jina langu alikuwa ameandika: "Daktari wa Kiti. Kifundo kimeulizwa. Kimejibu." Jina hilo la Kiti ndilo ninalotumia mpaka leo, sikulichagua.

Tangu hapo hesabu ya vifundo vilivyookolewa na swali lake haijulikani, kwa kuwa aliyeokolewa hana habari. Anageuza ufunguo mlangoni, ananawa uso, anamwogesha mtoto, na hajui kwamba kuna mama mmoja aligoma kumfunga plasta kwa dakika ishirini. Hiyo ndiyo kazi ya Shangazi. Ikifanikiwa haionekani.

Mwaka huu hospitali imeleta mfumo mpya wa kompyuta, fomu za karatasi zikaondolewa. Kwenye orodha ya picha palikuwa na kichwa, kifua, tumbo, mguu, na mkono. Basi. Wiki hiyo hiyo chumba cha plasta kikapangiwa kupakwa rangi upya, pamoja na samaki wetu. Shangazi, ambaye hajawahi kulalamikia kustaafu, aliinuka kikaoni na kusema jambo moja tu: "Mimi naondoka na mdomo wangu. Swali naomba libaki."

Dada wa kompyuta alieleza kwa adabu kwamba orodha imetoka kwa watengenezaji, kuibadilisha si leo wala kesho. Nikasimama kumtetea Shangazi. Nilizungumzia kano kwa dakika arobaini kwa saa yangu ile ya ukutani. Nilipokaa, wawili walikuwa wamelala, na msimamo wa dada wa kompyuta ulikuwa umeimarika.

Lililotusaidia halikuwa hotuba. Siku ya tatu yake, fundi cherehani, yule yule, alileta mapazia mapya ya chumba cha plasta. Dada wa kompyuta alikuwa pale akifunga waya zake, akampa kalamu asaini. Mama akaipokea kwa kushoto na kuomba radhi. Dada akamwuliza, kwa nia njema kabisa, kama mkono umeumia. Mama akatabasamu, akanitazama. Shangazi naye akanitazama. Chumbani humo nako kuna benchi moja, nikakaa, nikasimulia kwa mara ya pili maishani mwangu nilichokifanya, bila istilahi na bila kujitetea. Ilichukua dakika tatu.

Jumatatu asubuhi nikafungua kompyuta nina haraka. Mgonjwa wa kwanza, nikaandika: picha ya mkono. Kompyuta ikagoma. Yakatokea maneno mawili katikati ya kioo, kwa rangi nyekundu: Mkono upi? Nikageuka haraka kutazama kama yuko nyuma yangu. Alikuwa nyuma yangu. Akayasoma maneno, akasema yameandikwa kwa herufi ndogo mno, akaenda zake kupima maji.

Shangazi, kwa niaba ya kitengo cha mifupa, watu wa eksirei, ndugu wa usafi uliowahi kuwa mmoja wao, na wote waliokaa kwenye benchi lako, tunakushukuru. Samaki hakupakwa rangi; mafundi wamemzunguka. Nenda nyumbani kwa mzee wako, aliyetwambia amekaa miaka thelathini na nne na mke mwenye viatu vyeupe kwa unga wa plasta na anatamani kujua rangi yavyo halisi. Tunakuombea asubuhi zisizo na foleni, wajukuu wasiopanda viti, maji ya uvuguvugu sawasawa, na viganja vinavyogeuka bila kusita, juu kupokea na chini kupumzika.

Nimeomba ruhusa ya kuandika mstari wa mwisho katika daftari lako siku hiyo ya tarehe thelathini. Nitauandika kwa mkono wangu mwenyewe. Na kabla hujauliza: kigasha, kifundo na kiganja, vyote vitatu, vya kulia.

Daktari wa Kiti,
Kitengo cha Mifupa